Pasi Iliyobaki Kisiwani

Watu wa Dodoma hawataki kuamini kwamba mtu mweusi aliwahi kupelekwa likizo. Kupelekwa kazini wanaamini, kupelekwa vitani wanaamini, kupelekwa gerezani ndiyo usiseme. Lakini likizo? Mimi nilipelekwa, tena zamani za Mjerumani, wakati reli ilikuwa mpya hata mbuzi walikuwa bado hawajazoea kuikimbia. Nilipelekwa kwenye kisiwa cha bahari ya Karibi, mbali kiasi kwamba mwezi ukifika huko unakuwa umekwisha choka na kukonda. Nimehitimu shule ya usiku iliyofunguliwa kwa wafanyakazi wa reli pale karibu na stesheni, kwa hiyo sisimulii ovyo kama walevi wa kilabuni. Nitakwenda kwa mpango.

Bwana wangu alikuwa mpimaji wa njia ya reli, na mimi nilikuwa dobi wake. Alivaa nyeupe tupu, toka kofia mpaka viatu. Kuvaa nyeupe Dodoma, kwenye upepo ule na vumbi lile, ni kumtafuta Mungu ugomvi. Ugomvi huo yeye aliuanzisha na mimi niliupigana. Nilikuwa na pasi ya makaa, nzito kama dhambi, na mashati yake niliyatia kanji mpaka yakasimama yenyewe bila mtu ndani. Suruali zake zilikuwa na mkunjo wa mbele ambao, nisiseme uongo, nilishawahi kuukatia nyama.

Mke wa bwana alikuwa na mjomba kisiwani huko, mzee aliyerithi shamba la miwa na nyumba kubwa. Kila alasiri bibi yule aliketi barazani, akautazama uwanda wetu kama mtu anayetazama uji uliomwagika, akaanza: kule kuna minazi, kule kuna mchanga mweupe, kule kuna ngome za kale, kule hewa ni laini. Sisi watumishi tulijua habari za kisiwa kile kuliko za vijiji vyetu. Bwana alipopata likizo ndefu, aliniita.

"Utafuatana nasi," akasema. "Kule kuna jasho. Mashati yatakuwa mengi."

Ndiyo yote niliyoambiwa kuhusu nchi nyingine ya dunia.

Tatizo lilikuwa Ipagala. Huko nilikuwa nimeposa, na ng'ombe wa mahari walikwisha ingia zizini kwa baba mkwe, wakafanya kama kwao. Nilikwenda kumuaga. Alinisikiliza huku akivuta ugoro, akapiga chafya, akafuta pua taratibu kwa heshima yake.

"Mwanangu," akasema, "binti si jiwe la kusagia, likae pembeni lingoje mwenye nafaka. Uwele huu unaopandwa sasa ukivunwa hujarudi, ng'ombe zako nitazirudisha kwenu. Kuna Mrangi mmoja wa Kondoa, ana punda, ana asali, na kila akipita hapa anaulizia afya yangu."

"Baba, nitarudi kabla ya mavuno."

"Sijasema hutarudi. Nimesema asali ni tamu."

Mchumba wangu alikuwa nyuma ya tembe akitwanga, na nilipopita aliongeza nguvu za mchi mpaka nikahisi kichwani. Nilielewa.

Safari siielezi sana, maana sehemu kubwa yake nilikuwa nimeinama kwenye ndoo. Tulipita Ulaya, nchi ambayo jua linatoka kama mtu aliyelazimishwa, tukapanda meli nyingine, tukateremka kisiwani.

Kisiwa kilikuwa chini ya Wadenmaki, Wazungu wengine, wenye mashavu mekundu zaidi. Bandarini niliwaona watu weusi kwa mamia, wabebaji mizigo, wauza samaki, wanawake wenye vikapu vya makaa kichwani. Moyo ukanifunguka. Sikujua kwamba wengi wa watu wale asili yao ni upande mwingine kabisa wa Afrika, ambako jina la Ugogo, nchi yetu, halijafika hata kwa bahati mbaya. Mimi nilifikiri hivi: kila msafara wa zamani ulioelekea pwani ulipita kwetu, ukanywa maji ya visima vyetu, ukalipa hongo, ushuru wa njia, kwa watemi wetu. Na watu wa misafara ni watani wetu. Basi hawa, waliouzwa ng'ambo, lazima walipita kwetu. Kwa hiyo ni watani. Hesabu safi, ya shule ya usiku.

Na mtani wetu tunamwitaje? Kila mtu wa kwetu anajua. Unamwita mtumwa wako. Naye anakwambia wewe ndiwe mtumwa wake, tena wa kununuliwa kwa jembe bovu, mnacheka, mnagawana tumbaku.

Nyumbani kwa mjomba nilipelekwa jikoni. Kulikuwa na mpishi, bibi kizee, mwembamba, mwenye kilemba cheupe na macho ya mtu asiyeongopewa. Alikuwa amempikia mjomba na wageni wake wa Kijerumani miaka mingi, kwa hiyo Kijerumani cha jikoni alikijua, na cha kwangu kilikuwa cha namna hiyohiyo. Niliweka pasi yangu chini, nikapiga makofi kwa adabu, nikasema, "Mbukwa," maana salamu ya nyumbani haiozi. Halafu nikanyoosha miguu, nikamwambia kwa furaha, "Wewe mtumwa wangu, ulikunywa maji ya kisima chetu ukaondoka bila kuaga. Haya, nipatie chakula."

Sikuona upawa ulikotokea. Niliona nyota, tena mchana, na miongoni mwa nyota zile nikauona uso wake umegeuka jiwe.

"Rudia," akasema.

Sikurudia. Nilihitimu shule, sikuhitimu upumbavu.

Ilinichukua alasiri nzima kumweleza, nimejifunga kitambaa cha maji baridi kichwani. Nilimweleza kwamba kwetu mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe, anaweza kuja msibani kwako akalala ndani ya kaburi na kukataa kutoka mpaka alipwe, anaweza kuchukua kuku wako mkononi mwako, na ukikasirika, wewe ndiye uliyefanya kosa. Alinisikiliza akiparua samaki. Mwisho akaniambia kwamba yeye alizaliwa mtumwa, kwenye shamba hilihili. Alikuwa mtoto mdogo siku watu walipokusanyika mbele ya ngome, wengi kama mchwa, wakadai uhuru mpaka mkubwa wa Wadenmaki akatoka na kusema haya, mko huru. Mama yake alimbeba begani ili aone.

"Kwa hiyo neno hilo," akasema, "hapa si la kuchezea."

"Nisamehe, bibi."

"Nimekusamehe. Upawa umekwisha sema." Akaparua kidogo. "Na hilo la kaburi, kweli wanalala ndani?"

"Kweli, bibi. Na viatu."

Akacheka mpaka samaki akamponyoka. Toka hapo tukawa watani, kwa kiapo cha supu. Asubuhi aliniamkia, "Wewe mla vumbi, umeamka?" Nami nikamjibu, "Nimeamka, ewe mnywa chumvi."

Sasa nije kwenye likizo yenyewe, maana msomaji anaweza kudhani ni jambo la maana.

Likizo ni hivi. Asubuhi wanakunywa kahawa wakilalamika kuhusu joto. Halafu wanakwenda kutafuta joto zaidi ufukweni. Wanavua nguo nilizozipiga pasi, wanavaa nguo nyingine zenye mistari kama punda milia aliyefiwa, wanalala juani. Kwetu mtu akionekana amelala juani, ama amelewa ama amekufa, na aliyekufa tunamsogeza kivulini. Hawa walijigeuza wenyewe, upande huu, halafu upande ule, kama mahindi ya kuchoma, na bwana wangu, ambaye Dodoma alinigombeza nikichelewa kumshikia mwavuli, aliungua mpaka mgongo ukatoa harufu ya jikoni. Jioni alipakwa siki, akawa anasema, "Ah, hii ndiyo raha."

Mchanga nao waliusifu kama ng'ombe wa maziwa. Jamani, mchanga. Sisi mito yetu ikikauka, kuanzia Dodoma mpaka kule Mtera, mchanga tunao wa kutosha kumzika kila Mzungu aliyeumbwa. Lakini sisi tunauchimba tupate maji. Wao waliuchimba kwa koleo dogo, watu wazima wenye masharubu, wakajenga kiboma cha mchanga, maji yakaja yenyewe yakakibomoa, wakacheka. Nilisimama pembeni na mataulo. Nikamkumbuka mama yangu akichota kikombe kwa kikombe, tangu jogoo mpaka jua kali, chini ya shimo refu kuliko mtu. Sikucheka.

Wageni wa mjomba waliyapenda masikio yangu. Nilikuwa na ndewe zilizotobolewa vizuri, za kutosha kubeba kibweta cha ugoro, nao walipanga foleni kuzitazama. Mmoja aliniomba achomeke biri yake ya tumbaku humo. Mke wa mchungaji akauliza kama naumwa. Nikamuuliza kama yeye haumwi na ile mikanda anayojifunga kiunoni mpaka anapumulia mabegani. Mpishi alitafsiri, lakini aliibadilisha njiani, maana bibi yule alitabasamu.

Siku moja tukapelekwa kutazama ngome. Mkuu wa ngome, Mdenmaki mwenye upara, ndiye aliyetuongoza. Wanawake walibeba vikapu vya chakula, mimi nikabeba meza. Akatuonyesha vyumba vya giza, akatuonyesha pete ya chuma ukutani walikofungwa watumwa, na mjeledi wa zamani uliotundikwa kwa msumari. Wageni wakatikisa vichwa. Bibi akashika kifua. Bwana wangu akaugusa mjeledi kwa ncha ya kidole.

"Zama za ukatili," akasema. "Mungu ashukuriwe, zimepita."

Niliutazama ule mjeledi. Ulikuwa mwembamba, umekauka, wa kuonea huruma. Kiboko cha bomani kwetu Dodoma, kile cha hamsa-ishirini, mapigo ishirini na matano, kingeumeza kama chatu anavyomeza kifaranga. Na aliyetia sahihi wabebaji wake wapelekwe bomani, mwezi uleule tuliosafiri, alikuwa amesimama mbele yangu akiomba haradali. Wakatandika kitambaa palepale uani, chini ya dirisha la gereza, wakala kuku baridi. Mkuu wa ngome akasema kisiwani mwake hakuna mtu anayeweza kummiliki mtu. Wakapiga makofi.

Siku chache baadaye mpishi alirudi jikoni kutoka kupeleka kahawa, akaweka sinia chini bila kelele. Nilijua kuna jambo, maana kwa kawaida alilitupa.

"Mla vumbi," akasema, "wamekwisha kukugawa."

"Kunigawa vipi?"

"Mjomba amezipenda suruali. Anasema maisha yake yote hajavaa suruali iliyonyooka hivyo. Mpwa wake amemwambia, mchukue, ni zawadi yetu. Meli ikija, wao wanapanda, wewe unabaki."

Nikauona uwele unavunwa. Nikawaona ng'ombe wanatoka zizini Ipagala mmoja mmoja, na Mrangi anafungua mtungi wa asali.

Nilikwenda kwa bwana moja kwa moja. Alikuwa kitini, mgongo umembabuka, anasoma gazeti la miezi iliyopita.

"Ah, umesikia," akasema. "Ni heshima kubwa. Utakula samaki. Hapa hakuna vumbi."

"Bwana, nina mchumba Dodoma."

"Wasichana wapo hapa pia."

"Ng'ombe zimekwisha tolewa, bwana."

"Huyo baba yake nitamweleza mimi mwenyewe," akasema kwa upole, kama mtu anayeniondolea mzigo. Akafunua ukurasa.

Nilirudi jikoni nikakaa juu ya gunia la makaa. Mpishi hakunipa pole. Alikuwa anakata vitunguu.

"Kule kwenu," akasema mwishowe, "mtani anasema lolote?"

"Lolote, bibi."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya yeyote. Hata mbele ya mtemi."

"Na asemwaye akikasirika?"

"Anaonekana mpumbavu. Watu watamcheka mpaka wajukuu."

Akapangusa makali ya kisu. "Basi kuanzia leo mjomba ni mtani wangu. Nimempikia supu tangu alipokuwa na nywele. Nadhani inatosha."

Chakula cha kuagana kilikuwa mchana, barazani, na wageni walikuwa walewale: mkuu wa ngome, mchungaji na mkewe, wafanyabiashara wawili wenye matumbo ya kufanana. Mimi nilisimama nyuma ya kiti cha mjomba nikipunga upepeo. Mjomba aliinua bilauri, akanielekezea kidevu, akasema, "Na huyu anabaki nami. Zawadi kutoka Afrika."

Hapo ndipo mpishi alipotoka na sinia la samaki. Aliliweka katikati ya meza. Hakuondoka.

"Bwana," akasema kwa sauti ya kuuliza chumvi, "samahani, nataka kujua tu, kwa ajili ya sahani. Huyu kijana umemnunua?"

Mjomba akacheka. "Sijamnunua. Nimepewa."

"Ah, umepewa." Mpishi akatikisa kichwa, akanitazama kwa huruma nyingi za uongo. "Maskini. Mama yangu alikuwa na bei, angalau. Huyu hata bei hana."

Upepeo wangu ulisimama wenyewe. Mke wa mchungaji alitazama sahani yake kana kwamba imeandikwa kitu. Mpishi akamgeukia mkuu wa ngome, akainama kidogo.

"Na wewe, bwana mkubwa, ile pete ya chuma uliyowaonyesha wageni, bado imeshika ukutani? Kama imelegea ungemtuma fundi mapema. Naona nyumba hii itaihitaji."

Yule Mdenmaki akaweka uma chini. Upara wake ulibadilika rangi kwa vipande, kama mlima asubuhi. Mjomba alikuwa amefungua mdomo, na nilimwona akichagua: akikasirika, amekubali; akicheka, ameniachia. Hakuwa amesoma utani, lakini utani ulikuwa umekwisha msoma.

"Kisiwani hapa," akasema mkuu wa ngome bila kumtazama mtu, "mtu hapewi mtu."

"Ni mzaha, jamani," akasema bwana wangu haraka. "Mzaha wa kifamilia."

"Mzaha, mzaha," akasema mjomba, akacheka kicheko ambacho hata mbwa chini ya meza hakukiamini. "Bila shaka anarudi. Nani alisema harudi?"

"Nilijua ni mzaha," akasema mpishi. "Kuleni samaki, anapoa."

Siku ya meli alinisindikiza mpaka gatini, na vijana walitoa macho kumwona bibi mwenye kilemba akimtukana mgeni njia nzima, vumbi hivi, masikio vile, nami nikimrudishia. Mizigo ilikwisha pakiwa. Mkononi nilikuwa na pasi tu, maana sikumwamini mtu nayo.

"Hiyo niachie," akasema.

"Bibi, hii ni ya bwana."

"Mtani hakasiriki."

Akaichukua mkononi mwangu, kama mtu anayechukua kuku, akaibana kwapani. Nilimfundisha mimi mwenyewe.

"Walitaka kitu chako kibaki," akasema. "Kimebaki. Mbukwa." Akageuka akaenda zake, mzee vile, na mzigo ule, mgongo umenyooka kama mkunjo wa suruali.

Bwana aligundua siku ya kwanza baharini, alipotaka shati.

"Pasi iko wapi?"

"Imechukuliwa na mtani, bwana."

"Mwizi?"

"Hapana, bwana. Mwizi unaweza kumkasirikia."

Alinitazama muda mrefu. Tangu chakula kile cha kuagana alikuwa ananitazama hivyo, kama ramani ambayo mlima wake umesogea. Akajaribu kulalia mashati chini ya godoro, yakatoka na sura ya godoro. Tulipoteremka stesheni ya Dodoma, askari wamejipanga, karani na bendera, bwana mpimaji alishuka na suti ya makunyanzi kama utumbo wa mbuzi usiooshwa, pua imebabuka, na mkewe nyuma akisema kwa sauti kwamba wamepumzika ajabu. Upepo ukavuma. Vumbi likawapokea.

Mimi sikungoja mizigo. Nilikwenda Ipagala kwa miguu, na mashambani uwele ulikuwa umeinamisha vichwa, bado haujakatwa. Baba mkwe alikuwa palepale nilipomwacha, na kibweta chake cha ugoro.

"Mrangi alikuja," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Alileta asali." Akapiga chafya. "Asali nimekula. Binti nimekuwekea."

Siku ya harusi nilivaa kanzu niliyoshonewa mjini, nayo ilikuwa na mikunjo ya kila aina, maana tangu kisiwani nilikuwa sijashika pasi. Mke wangu aliitazama toka begani mpaka chini. Ndiyo mara yake ya kwanza kunisemesha tangu siku ile ya mchi.

"Wewe si ndiye dobi?"

"Ndiye."

"Na pasi yako?"

"Imebaki kule kisiwani."

Akanyoosha kola yangu kwa kiganja.

"Afadhali pasi," akasema.